Nilikuja Nairobi kuisoma Kilwa

Mdogo wangu, salamu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: kwanza ndani ya matatu ya kwenda Ngara, muziki ukipasua masikio, kisha usiku nikiwa chini ya mablanketi mawili. Umeuliza mambo matatu. Kama ni kweli huku wanafunzi wa uzamili wanalipwa. Kama shahada ya Nairobi ina uzito kuliko ya Dar. Na kama ninaweza kukutafutia nafasi mwakani, usome akiolojia na urithi wa utamaduni kama mimi. Halafu nyuma yako nikamsikia Mjomba: "Muulize mbona hajajenga."

Shikamoo Mjomba. Sijajenga kwa sababu sina hela.

Ufadhili wangu unalipa ada na kodi ya chumba, unabakiza nauli na ugali. Chumba ni kile wanachokiita bedsita: kitanda, jiko na bafu vyote vinatazamana. Kodi yake ni shilingi 11,000 za Kenya. Zidisha kwa ishirini hivi upate za kwetu, kisha ukae chini. Mwaka jana pesa ya ufadhili ilichelewa miezi mitatu, wala hakuna aliyeniomba radhi. Nilikula kwa kufundisha Kiswahili watafiti wawili wa kigeni na kutafsiri madodoso. Kwa hiyo ile picha niliyowatumia nimesimama mbele ya ghorofa refu, ghorofa si langu, na koti niliazima.

Hilo la pili, nisikudanganye. Dar wanafundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, na walimu wake wanajulikana dunia nzima kwa kazi ya pwani yetu. Ukisoma pale hujapungukiwa kitu, na kwa mtu wa Kilwa ni karibu na kwa mama. Mimi nilikuja huku kwa sababu ambayo hata kwenye barua ya maombi niliona haya kuiandika.

Unakumbuka Babu alivyokuwa akisimulia habari za yule mzungu aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani? Alikuwa Neville Chittick. Babu alimbebea karai za udongo, kwa ujira wa siku. Sisi tukikua tulijua tu kwamba kuna mzungu alikuja, akachimba, akaondoka na maneno. Basi maneno yenyewe yako hapa. Chittick aliongoza Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na taasisi hiyo iko Nairobi, Kileleshwa. Kitabu chake cha Kilwa kilitoka mwaka 1974, majuzuu mawili mazito, na kilichapishwa hapahapa Nairobi. Mimi nimezaliwa Kilwa Masoko, Kisiwani nakuona nikisimama ufukweni, lakini kitabu kinachoeleza kasri la Husuni Kubwa chumba kwa chumba nilikishika kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 27, baada ya kulala ndani ya basi, kugonga muhuri Namanga na kujisajili kwa mlinzi getini.

Siku ile sikusoma kitu. Nilipekua nikitafuta jina la Babu. Masultani wapo, sarafu zipo, vigae vya Uchina vipo na vimechorwa kwa ustadi hadi ukingo wa bakuli. Babu sikumwona. Nilifunga kitabu nikatoka nje nikanunua mahindi ya kuchoma, nikayala nimesimama. Ukitaka jibu fupi la kwa nini niko huku, ni hilo la siku ile.

Halafu kuna Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey, ile familia ya watafiti wa mifupa ya kale, miaka ya 1950. Darasani alikaa kidogo sana. Mwaka 1984 ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha fuvu la yule kijana wa Turkana, mifupa ya miaka milioni moja na nusu hivi iliyokamilika kuliko karibu yote ya zamani zile. Jina lake limeandikwa, na hata jamii moja ya nyani wa kale imepewa jina lake. Nikimfikiria yeye na nikimfikiria Babu, najiuliza ni nini kilichotofautiana zaidi ya bahati na nani alikuwa ameshika kalamu.

Mjomba, na wewe nina mfano wako. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lile Mary Leakey aliloliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lililetwa Nairobi likakaa zaidi ya miaka mitano. Lilirudi nyumbani Januari 1965, likawekwa makumbusho ya Dar. Hakuna aliyemuuliza Zinj mbona hajajenga.

Sasa kazi yenyewe. Najua unaniona kwenye akili yako na kofia pana, nimechuchumaa shimoni napuliza vumbi kwenye fuvu. Nimefanya hivyo wiki tano kwa miaka miwili. Siku nyingine zote ninahesabu vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Unaviosha kwa mswaki, unavianika, unaandika namba kwa wino mwembamba, unapima unene wa mdomo wa chungu, unaingiza kwenye kompyuta, unachukua kingine. Kwenye stoo kuna baridi, na Julai ya Nairobi si ya mtu aliyelelewa na joto la bahari. Vidole vinakufa ganzi unashindwa hata kuandika saba.

Lakini kwenye vigae ndiko mambo yalipo. Kuna vyungu vya zamani sana, vya kuanzia miaka ya 600 hivi, vyenye michoro ya pembetatu zilizochanjwa shingoni. Utavikuta kuanzia huku Lamu na Tana mpaka kwetu kusini. Watafiti wa upande wa Kenya wakaviita vyungu vya Tana. Felix Chami wa Dar akaviita kwa michoro yake, vyungu vya pembetatu. Chungu kile kile! Mpaka wa Namanga haukuwepo wakati mama yule anachanja udongo wake, lakini ukienda kwenye vitabu utadhani alikuwa na pasipoti mbili. Tasnifu yangu imekaa hapo katikati, na msimamizi wangu ameshaniambia mara tatu nisiwe mchokozi.

Sheria nazo ni hivyo hivyo. Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa kale kilichotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, sheria yao ya makumbusho na urithi ya 2006 inakata kwenye 1895. Kwa hiyo sanduku la mwaka 1880 likivuka Namanga kuja huku linazeeka ghafla, ingawa nasikia linatakiwa liwe limeingia kabla ya mwaka huo pia, basi maskini halipati. Mji wenyewe wa Nairobi reli iliufikia 1899. Ungekuwa kitu cha kubebeka, kwa kipimo cha sheria yao usingetosha kuwa wa kale, na ndio umetunza maandishi ya mji wetu ambao watu walikuwa wanaishi ndani yake tangu miaka ya 800.

Ugomvi mkubwa kuliko wote niliuona darasani. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale waliozikwa pwani na mji mmoja wa bara, wakiwemo wa Kilwa na wa Songo Mnara, kisiwa jirani yetu. Miongoni mwa wakuu wa utafiti huo ni Mkenya, Chapurukha Kusimba. Walichokuta ni kwamba upande wa mama wengi ni Waafrika, upande wa baba wengi wana damu ya Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Tulipofika hapo, kijana mmoja wa Kisumu akanigeukia: "Kwa hivyo wewe ni Mwajemi?" Darasa zima likacheka. Nikamjibu kwa hadithi tunayoijua wote, ya Ali wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka kizima. Mhadhiri akasikiliza kwa adabu, kisha akasema habari ile iliandikwa na watu waliokuwa wanatetea haki ya kutawala, tuisome hivyo.

Nilinuna wiki nzima. Nilimwona amemtukana Bibi. Kisha usiku mmoja nikiwa nachambua maharage ikanijia: Bibi alikuwa anaisimulia lini hadithi ile? Kila palipokuwa na kesi ya kiwanja! Akikaa sawa kwenye mkeka, akianza na nguo za Shirazi, ujue kuna mtu amesogeza mpaka wa minazi. Mhadhiri na Bibi walikuwa wanasema jambo moja. Sikuwahi kumwambia yule kijana wa Kisumu, tumekuwa marafiki kwa mambo mengine.

Vibali, kwa ufupi, kwa sababu nikianza nitalia. Huku unaishi kwa pasi ya mwanafunzi na unahitaji leseni ya utafiti. Ukitaka kuchimba nyumbani, unahitaji vibali vya nyumbani pia. Ofisi moja ilinisumbua miezi saba. Huku mimi ni mgeni. Kule faili langu likawekwa na la wageni kwa sababu chuo changu ni cha nje. Afisa mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama ninakijua Kiswahili. Weka akiba ya miezi, si ya siku.

Na Kiswahili chenyewe: masomo yote ni kwa Kiingereza. Tunajadili nyumba za mawe za Waswahili, madaka na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na baraza, kwa lugha ambayo haikuwahi kukaa barazani. Maneno yetu yanaandikwa kwa herufi za kulala kama mgonjwa. Nje ya darasa kuna Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa huku, ambayo mwaka wa kwanza ilinifanya niwe mtu wa kutabasamu tu. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo mama mmoja wa ofisini, akaniangalia kwa huruma akaniuliza, "Uko sawa?" Siku hizi ananiwahi yeye: "Marahaba, mtoto wa Bongo," kabla sijafungua mdomo. Watu hapa ni wakarimu wakishakuzoea, ila hawana muda. Hakuna anayekaa. Nimekaa jengo hili miaka miwili na jirani yangu namjua kwa harufu ya chapati zake.

Ninachokikosa sitakiorodhesha. Nazi ya pakiti si nazi, hilo tu.

Baada ya haya yote, kazi ipo? Ipo kidogo. Makumbusho huajiri mmoja mmoja, na foleni ni ndefu. Kuna tathmini za urithi kabla ya barabara na mabomba kujengwa, hizo hulipa vizuri kwa wiki tatu kisha kimya. Wenzangu watatu waliomaliza kabla yangu, mmoja anafundisha sekondari, mmoja anatembeza watalii, mmoja ameenda Ulaya kwa uzamivu na anaandika ujumbe wa huzuni kila Desemba. Mimi nataka kurudi. Kilwa na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia 1981, zikawa kwenye orodha ya hatari kuanzia 2004, zikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati kuta na kuzuia bahari. Bahari haijaacha kula. Atakayekuwa pale mwaka 2034 akijua kila ukuta, sitaki awe mtu wa kuja kwa wiki tano.

Kwa hiyo nafasi sitakutafutia, si mwakani. Kabla hujajaza fomu yoyote, nifanyie jambo moja. Panda mashua uvuke Kisiwani, ukakae na wazee waliobaki waliofanya kazi kwenye yale mashimo, na wajane wa waliokufa. Waulize majina. Nani alibeba karai, nani alichekecha, nani alipika, walilipwa ngapi, waliimba nini wakichimba. Andika kwa Kiswahili, usiyarekebishe maneno yao. Anza na Bibi, na umuulize jina la Babu walilomwita kazini, maana nasikia wazungu walimwita kingine na huenda nimelitafuta jina lisilo lake kitabuni.

Chukua daftari gumu, si la kukunjika, upepo wa ule mkondo unaujua. Nauli ya mashua nitakutumia Ijumaa.