Maswali na Majibu: Nyaraka za Zana Inayoorodhesha API za Nje

Zana yetu inapitia msimbo na kutoa orodha ya API zote za nje (milango ambayo programu yetu hupitia kuita huduma za wengine) tunazotegemea: malipo, ramani, ujumbe mfupi. Orodha inajitengeneza yenyewe. Nyaraka za nini tena?

Zana itaona kwamba faili fulani linaita huduma ya ramani. Haitajua kwamba mliichukua kwa muda tu, mkisubiri nyingine, na muda huo sasa ni miaka mitatu. Hilo liko kichwani mwa mtu, na watu huhama.

Halafu yapo ambayo zana haiyaoni kabisa: anwani inayosomwa kutoka hifadhidata programu ikiwa tayari inaendeshwa, au huduma ya nje ambayo ndiyo inayokupigia wewe hodi. Andika kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, bila aibu, zana haioni nini. Orodha yenye matundu ambayo msomaji anaiamini kuwa kamili ina hatari kuliko kukosa orodha.

Kila API iandikiwe mambo gani? Mwenzangu amependekeza safu 22.

Safu 22 zitajazwa siku ya kwanza na kuachwa siku ya pili. Mimi naishia sita:

Jina: malipo-kadi
Kazi: kutoza kadi za wateja
Ikikatika: oda zinasubiri kwenye foleni, hazipotei
Ufunguo: MALIPO_KADI_UFUNGUO
Wasimamizi: timu ya malipo
Imehakikiwa: 2025-03-04

Mstari wa tatu ndio wenye thamani, na ndio watu huuruka. Anayefungua ukurasa huu saa nane usiku hataki historia ya huduma. Anataka kujua kama awaamshe wenzake au arudi kulala. Tarehe nayo ianze na mwaka, kwa mtindo wa ISO 8601. Ukiandika 04/03, mmoja atasoma Machi na mwingine Aprili.

Zana inaonyesha "hali: hai" kando ya kila API. Hilo si linajieleza?

Halijielezi hata kidogo. Niliwahi kukesha na orodha iliyosema kila kitu ni hai wakati malipo yote yanakataliwa. Kumbe aliyeiandika zana alikuwa anaangalia kama seva inajibu tu. Ilikuwa inajibu kweli: ilijibu 401, yaani "sikutambui", kwa sababu ufunguo, yaani neno la siri linalotutambulisha kwa huduma, ulikuwa umeisha muda. Hakuna aliyekosea kuandika msimbo. Neno "hai" ndilo halikuwa limeelezwa popote.

Kwa hiyo eleza kila hali kwa vitendo. Zana inatuma ombi gani? Inalituma na ufunguo au bila ufunguo? Inahesabu jibu lipi kuwa zuri? 429 maana yake huduma ni nzima ila mmezidisha maombi, na mara nyingi kichwa cha jibu (mstari wa maelezo unaotangulia jibu lenyewe) kiitwacho Retry-After kitakuambia usubiri muda gani. 410 ni habari nyingine: kilichokuwa hapo kimeondolewa, na hakitazamiwi kurudi. Zana inayoyaweka yote mawili chini ya "haipatikani" inaficha tofauti kati ya kusubiri dakika moja na kuandika upya sehemu ya mfumo.

Tuweke funguo halisi kwenye mifano ili mtu anakili na kujaribu?

Hapana. Andika jina la kigezo na mahali pa kuombea ufunguo, basi. Kama umeshauweka, kuufuta kwenye faili hakutoshi, maana Git, programu inayohifadhi matoleo ya msimbo, inatunza historia. Ubatilishe, utoe mwingine. Kwa anwani za mifano tumia example.com, iliyotengwa kwa kazi hiyo tangu 1999 katika RFC 2606 (RFC ni hati za kanuni za intaneti). Jina la kujitungia huenda lina mwenyewe.

Tunakili maelezo ya mtoa huduma ndani ya nyaraka zetu?

Weka kiungo na toleo mnalotumia. Akiwa na faili la OpenAPI, yaani maelezo ya API yanayosomeka na kompyuta (wazee wa kazi bado huliita Swagger), elekeza huko. Chako cha kuandika ni kile asichokijua yeye: kwamba kati ya njia zake zote ninyi mnatumia mbili tu, na ni zipi.

Tunazuiaje nyaraka zisichakae?

Ziweke pamoja na msimbo, kisha ongeza jaribio moja: zana ikikuta API isiyo na maelezo, ujenzi wa programu ukatae. Watu watanung'unika wiki ya kwanza. Zana pia isome kichwa cha Sunset, kilichoelezwa katika RFC 8594 ya 2019, ambacho baadhi ya watoa huduma hukitumia kutangaza siku watakayozima kitu. Tarehe hiyo ikionekana, iandikwe kwenye maelezo ya API husika, chini kidogo ya jina la timu itakayohangaika nayo.