Maswali na Majibu: Kumfuata Rafiki Milimani kwa Gari la Michezo

Barua zilizonifikia safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: marafiki wawili, kila mmoja na gari lake la michezo, wanaotaka kupita barabara za milimani kwa siku chache ili waone mandhari na kuzifurahia kona. Hakuna safari ninayoipenda kuliko hii, na kwa sababu hiyo nitajibu kwa ukali pale ninapoona msomaji anajiandaa kuiharibu.

Rafiki yangu ana Porsche 911, mimi nina Mazda MX-5 ya zamani. Tunakwenda kwenye milima ya Alps kwa siku 5. Je, nitaweza kumfuata?

Hupaswi kumfuata. MX-5 ya toleo la kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ina uzito wa takriban tani moja tu, na kwenye kona zilizobanana haiachwi mbali na magari yenye nguvu maradufu. Itaachwa kwenye vipande vilivyonyooka, ambapo injini ya mwenzako itamfanya apotee machoni mwako kwa sekunde chache, na hatari huanzia hapo. Dereva aliyeachwa kwenye barabara iliyonyooka hujaribu kufidia kwenye kona, yaani mahali ambapo kosa dogo humtoa mtu barabarani, naye hufanya hivyo akiwa ameacha kuisoma barabara na anatazama taa za nyuma za rafiki yake. Taa hizo zisipowaka, naye hakanyagi breki, kana kwamba macho, matairi na uzoefu wa mwenzake vyote ni vyake.

Kubaya zaidi ni kulipita gari jingine. Aliye mbele huiona nafasi, huipima, hulipita lori na kurudi upande wake salama. Wa pili hutoka kwa imani tu kwamba palipomtosha mwenzake patamtosha na yeye, ilhali gari linalokuja kutoka mbele limeendelea kusogea muda wote huo. Kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa gari hukata mita 25 kila sekunde, hivyo magari mawili yanayokabiliana hula mita 50 za barabara kwa sekunde moja. Ukichelewa kwa sekunde 3 baada ya rafiki yako, mita 150 alizokuwa nazo yeye wewe huna. Nilipokuwa kijana nilitoka nyuma ya basi kwa sababu tu rafiki yangu alikuwa ametoka, na aliyeniokoa ni dereva wa upande wa pili ambaye alishuka kwenye bega la barabara ili anipishe. Sikupata hata nafasi ya kumwomba radhi, na uso wake ninaukumbuka hadi leo.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha injini, andikeni sehemu za kukutania: njia panda fulani, kituo fulani cha mafuta, sehemu fulani ya kutazamia mandhari. Pakueni ramani zinazofanya kazi bila intaneti, kwa kuwa mabondeni mtandao hukatika. Aliye mbele asubiri kwenye kila njia panda mpaka amwone mwenzake, na katikati ya njia panda hizo kila mmoja aendeshe kana kwamba yuko peke yake. Asubuhi ya kwanza, mwenye uzoefu mdogo ndiye atangulie, hata kama gari lake ndilo lenye nguvu zaidi.

Kati ya BMW M2 na Toyota GR Supra, lipi lina kasi zaidi?

Swali hili hunijia kila mara, majina ya magari tu ndiyo hubadilika, nami sitalijibu tena: kwenye barabara yenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa, magari yote mawili hufikia kikomo hicho yakiwa bado kwenye gia ya pili.

Tulipokuwa tukiteremka mlima mrefu nilisikia harufu ya kuungua, kisha pedali ya breki ikawa laini na kuzama. Fundi alibadilisha pedi mwezi uliopita tu. Tatizo ni nini?

Nakushukuru kwa kuuliza, maana hili ndilo jambo ninalotamani kila mmiliki wa gari la michezo alielewe kabla ya kupanda mlima wowote. Pedali iliyozama haikuwa kosa la pedi, yaani vile vipande vinavyobana diski za magurudumu. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu lakini gari halipungui mwendo. Pedali ikiwa laini, mafuta ya breki yamechemka.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani polepole, hata kama gari limeegeshwa tu. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3 au 4 kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yanapochemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminika, hubanika. Mguu wako unaubana mvuke huku pedi zikigusa diski kwa nguvu ndogo sana. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likiteremka mita 1,000 za kimo, nishati inayopaswa kuondolewa ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji baridi. Upepo na matairi huchukua sehemu yake, injini huchukua nyingine ukiiruhusu, na kilichosalia chote huishia kwenye breki.

Iruhusu injini, basi. Teremka kwa gia ambayo ungepandia mlima huohuo, na kama gari lako lina gia otomatiki, lihamishe kwenye hali ya kuchagua gia mwenyewe, kwa sababu likiachiwa lenyewe huenda likapanda gia ili kuokoa petroli. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ziachwe zipoe, zisishikiliwe kidogokidogo kilomita nzima. Ukisikia ile harufu, endelea polepole kwa gia ndogo ili upepo upooze diski, na utakaposimama usiache mguu kwenye pedali, maana pedi zenye joto zilizogandamizwa mahali pamoja huiharibu diski. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kabla ya safari ya namna hii hata kama miaka 2 haijatimia. Ninawafahamu watu waliotumia fedha nyingi kuongeza nguvu za injini huku mafuta ya breki yakiwa na rangi ya chai, na jambo hilo linanihuzunisha.

Matairi yangu yana kashata (meno ya tairi) nzuri ingawa yana miaka 8. Yatafaa?

Hayafai. Nimeandika mara nyingi kwamba mpira hukauka na kuwa mgumu hata usipotembea barabarani, na magari ya michezo ndiyo yanayoongoza kwa kukaa bila kutembea. Umri wake umeandikwa ubavuni: tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Wanaojivunia matairi ya nusu mashindano, yaani ya uwanja wa mbio yanayoruhusiwa pia barabarani, nao wasikilize. Kashata zake chache hazitoi maji ya kutosha kwenye mvua, na asubuhi ya baridi milimani huwa hayajapata joto la kushika lami. Hata tairi la kawaida la kiangazi hupoteza ushikaji joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kimo cha mita 2,500 huifikia baridi hiyo katikati ya kiangazi. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, na usipunguzwe mchana eti umezidi, maana umepanda kwa sababu ya joto tu na utashuka wenyewe. Fungueni buti pia mkahakikishe kama mna tairi la akiba: magari mengi ya siku hizi hubeba chupa ya dawa ya kuziba matundu na pampu ndogo, vitu visivyosaidia chochote tairi likichanika ubavuni.

Tuchague barabara ipi: Stelvio, Grossglockner au Transfăgărășan?

Stelvio, nchini Italia, ilijengwa kati ya 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, na upande wa kijiji cha Prato una kona 48 za kujikunja hadi kufikia mita 2,757. Ni ya kustaajabisha kuitazama kutoka juu, lakini kuiendesha kunachosha kuliko picha zinavyoonyesha: kona nyingi hukulazimisha kushuka hadi gia ya kwanza, na mchana wa kiangazi utazishiriki na baiskeli, pikipiki na mabasi yanayohitaji upana wote wa lami. Nendeni alfajiri au msiende.

Grossglockner, nchini Austria, iliyofunguliwa mwaka 1935, ilibuniwa na Franz Wallack mahususi kwa watu wanaosafiri ili kuona. Ina urefu wa kilomita 48, hulipiwa ushuru, hufungwa usiku, na imejaa sehemu za kuegesha zilizopangwa mahali penye mandhari bora. Kwa marafiki wawili wanaosafiri hivi kwa mara ya kwanza, ningeiweka mbele ya zote tatu.

Transfăgărășan ilijengwa Rumania kati ya 1970 na 1974, wakati wa utawala wa Ceaușescu, kiongozi wa kikomunisti wa nchi hiyo, na kwa madhumuni ya kijeshi, na hufika mita 2,042 karibu na ziwa Bâlea. Upande wa kaskazini unapendeza mno. Dubu husogea kando ya barabara kuomba chakula, hivyo msisimame karibu nao, msiwalishe, na mwenye gari la wazi afunge paa.

Ningeongeza ya nne ambayo hukuiuliza, Route Napoléon nchini Ufaransa, inayofuata njia aliyopita Napoleon aliporejea kutoka kisiwa cha Elba mwaka 1815. Ilifunguliwa rasmi mwaka 1932, ina zaidi ya kilomita 300 kutoka Golfe-Juan hadi Grenoble, na kona zake ni pana, zinazofuatana kwa mwendo mmoja wa usukani. Gari la michezo linapumua pale kuliko Stelvio. Mkumbuke kwamba njia za juu za Alps na ile ya Rumania hufungwa kwa theluji sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo thibitisheni tarehe kabla ya kulipia malazi.

Gari langu lisilo na turbo lilidhoofika karibu na kilele, ila la rafiki yangu lenye turbo halikudhoofika. Limeharibika?

Halijaharibika. Kwenye kimo cha mita 2,700 shinikizo la hewa ni chini ya robo tatu ya lile la pwani, na injini yako huvuta hewa hiyo jinsi ilivyo. Turbo ya mwenzako, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu.

Tunataka kurekodi video tukipitana kwa kasi kwenye barabara tupu. Kamera tuifunge wapi?

Sitakujibu kuhusu kamera. Barabara ya milimani haiwi tupu. Huwa na mtu ambaye bado hujamwona, mara nyingi akiwa kwenye baiskeli. Tangu mwaka 2013, sheria ya Uswisi inalihesabu tendo la kuendesha kilomita 140 kwa saa au zaidi penye kikomo cha 80 kuwa kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kuwa kifungo, na gari lenyewe linaweza kutaifishwa. Video yenu itakuwa ushahidi mlioutengeneza wenyewe. Mkiwa huko huko Uswisi, mpisheni basi la posta mnaposikia honi yake ya sauti tatu kwenye barabara zenye alama yake, na mkikutana na gari linalopanda mahali pasipopitika magari mawili, anayeteremka ndiye asimame.

Rafiki yangu amependekeza tubadilishane magari siku ya tatu. Ni wazo zuri?

Ni wazo zuri sana, kwa masharti. Someni kwanza hati za bima, kwa kuwa nyingi humtaja dereva kwa jina na hazimlindi mwingine. Badilishaneni asubuhi, lami ikiwa kavu, mahali tambarare, na kila mmoja aendeshe nusu saa ya kawaida kabla ya kuingia kwenye kona. Atakayechukua 911 aelewe kwamba injini yake imewekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, kama ilivyo tangu gari hilo lionyeshwe mwaka 1963; akiingia kona kwa kasi, akaogopa na kuachia mafuta ghafla, uzito husogea mbele, matairi ya nyuma hupoteza mshiko na sehemu ya nyuma huanza kutoka nje. Magari ya sasa yana mifumo ya kulizuia hilo, nayo isizimwe hata kwa dakika moja. Mwenye gari akae kiti cha abiria kilomita za mwanzo, ili magari yaende moja moja na jingine libaki limeegeshwa.

Rafiki yangu analalamika kwamba ninamchosha kwa kwenda polepole. Nifanyeje?

Kama anachokitaka ni kujua mwisho wa uwezo wa gari lake, apeleke hamu hiyo kwenye uwanja wa mbio unaopokea magari ya umma, baada ya kuuliza kama bima yake inahusu mahali hapo, maana nyingi hazihusu. Kama anachokitaka ni safari, basi hana sababu ya kukusukuma. Usikanyage mafuta ili umridhishe, na usimruhusu akukaribie nyuma hadi ukaanza kuendesha kwa kutazama kioo. Washa indiketa, ingia kwenye sehemu ya kwanza iliyo salama, mpe saa na mahali mtakapokutana, kisha mwache aende.