Umeniuliza utakuwaje kocha wa ulinzi, nami nimefungashiwa virago juzi

Ujumbe ulinikuta nimekaa sakafuni sebuleni, napanga madaftari yangu kwenye maboksi. Ulitoka kwa kijana wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kama mimi, na sasa anamalizia chuo huku Marekani, anakocheza futiboli ya Kimarekani kama lainibeka, mlinzi wa safu ya pili. "Kaka," aliandika, "nimecheza lainibeka miaka minne. Magoti yamechoka lakini mchezo bado naupenda. Nataka niwe kocha wa ulinzi kama wewe. Nianzie wapi?"

Hakujua. Siku tisa kabla, Jumapili asubuhi baada ya mechi ya mwisho ya msimu, kocha mkuu aliniita ofisini akaniambia timu inahitaji sauti mpya kwenye ulinzi. Mazungumzo hayakufika dakika tano. Kufika adhuhuri kadi yangu ilikuwa haifungui tena mlango wa chumba cha video.

Kocha mkuu amebaki. Mimi, mratibu wa ulinzi, yaani kocha anayeongoza ulinzi wote, ndiye niliyetolewa kafara. Katika mechi nane za mwanzo hakuna timu iliyopata zaidi ya pointi 21 dhidi yetu, na jambo hilo halikutajwa hata kwa neno moja. Nalisema hapa kwa sababu linaniuma, na kwa sababu, mdogo wangu, ukiingia kazi hii iko siku utakaa kwenye kiti kile kile.

Lakini umeuliza pa kuanzia, basi nikuanzie kwangu.

Nilifika Marekani nina miaka 12, Kiingereza changu hakijavuka salamu. Soka niliijua. Futiboli yao ilinishinda kuelewa. Nilipojiunga na timu ya shule walinipanga kwanza kwenye mashambulizi, ikashindikana, maana kila mchezo, yaani kila mpango wa kusogeza mpira, una jina refu kama sentensi, na neno moja likikupita umeshakimbilia usikotakiwa. Ndipo kocha mmoja wa ulinzi akanivuta pembeni, akaninyooshea kidole mchezaji mmoja wa upande wa pili, yule anayeinama ubavuni mwa senta, mchezaji anayeuanzisha mpira, wanamwita gadi. Akanionyesha kwa mikono: usimtazame mtu mwingine. Gadi akija mbele, njoo mbele. Akikimbilia kulia, nenda kulia hata kama mpira hujauona. Akirudi nyuma, hiyo ni pasi, shuka ukakabe.

Lilikuwa jambo la kwanza nililolielewa Marekani bila mkalimani. Baadaye nikajua kwamba hata vidole vya gadi vinasema. Akiegemea mkono ardhini mpaka viungo vya vidole vinakuwa vyeupe, uzito wake uko mbele, anakuja kusukuma. Mkono ukigusa nyasi kidogo tu, anajiandaa kurudi nyuma au kuchomoka pembeni. Kwa elimu hiyo nilicheza sekondari, nikacheza na chuo. Mwaka 2013, Mkenya Daniel Adongo alipotoka kwenye raga akavaa jezi ya timu ya kulipwa ya Indianapolis Colts, nilimwonyesha mama picha yake kwenye simu ili aone kwamba watu wa kwetu wamo. Aliitazama muda mrefu, kisha akaomba nimtumie na yeye abaki nayo.

Mwaka niliojitolea bila mshahara naupita, hauna hadithi: alfajiri kazi ya ghalani, mchana uwanjani, usiku usingizi. Kisha nikapata nafasi ya kocha msaidizi mwanafunzi kwenye chuo cha Daraja la Pili la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani. Wanakulipia ada ya shahada ya uzamili na kukupa posho ndogo, nawe unafanya kila lisilo na mwenyewe. Nafasi hii usiidharau. Nick Saban, kocha aliyestaafu Januari 2024 akiwa na mataji 7 ya taifa, alianza hivyo hivyo pale chuo cha Kent State mwaka 1973, akimsubiri mkewe amalize masomo.

Kazi yangu ilikuwa kadi. Unaangalia mechi za mpinzani, unachora kila mchezo anaoupenda kwenye karatasi ngumu, ili wachezaji wa akiba wauigize mazoezini mbele ya ulinzi wenu. Duara ni mtu, mshale ni njia yake, na unatumia kalamu nene ili aliye mbali naye asome. Nikikosea mshale mmoja, watu 11 wanajifunza kitu ambacho Jumamosi, siku ya mechi, hakitatokea. Wenzangu waliiona ni adhabu wakazichapa kwa kompyuta. Mimi nilichora kwa mkono misimu miwili mizima, kadi 30 mpaka 40 kwa siku, na nikawa nanakili kila moja kwenye daftari langu. Mkono ukishachora mchezo mara mia, jicho linaanza kuuona kabla haujatokea. Wachezaji wanajipanga tu na wewe tayari unajua. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza: chora kwa mkono. Nunua daftari. Nina madaftari 41, na ndiyo vitu pekee nilivyotoka navyo pale chuoni ambavyo hakuna aliyeweza kuniomba nivirudishe.

Januari yangu ya kwanza nilikwenda kwenye mkutano wa mwaka wa AFCA, chama cha makocha wa futiboli wa Marekani. Makocha wanakuja kwa maelfu kwenye mji mmoja, na wasio na kazi wanasimama kwenye ukumbi wa hoteli kuanzia asubuhi wakivizia wenye kazi. Nilikuwa na nakala 40 za wasifu wangu na suti ya kuazima. Kila niliyemkaribia aliangalia juu ya bega langu, akimtafuta mtu wa maana zaidi. Mmoja alisoma jina langu kwenye beji, akaniuliza linatamkwaje, kisha akaondoka kabla sijamjibu. Miaka imepita, na uso wake bado naukumbuka. Nilirudi nyumbani na nakala 31.

Mwaka uliofuata sikuchapa hata moja. Nilibeba daftari. Nikamkuta mzee mmoja, kocha mstaafu, anakunywa kahawa peke yake mgahawani. Nikamwamkia kwa heshima ninayompa mzee yeyote wa kwetu, nikamwomba anisaidie jambo moja tu: wapokeaji wa pasi watatu wakijipanga kifungu kimoja, mabeki wawakabe vipi bila kugongana wenyewe kwa wenyewe? Mzee akasogeza kikombe. Akachukua kikopo cha chumvi, cha pilipili manga na chupa ya sosi, akavipanga katikati ya meza. Akanionyesha kwamba kosa ni kumpa beki mtu wake mapema. Subiri watawanyike. Beki wa nje amchukue atakayetoka nje kwanza, wa ndani amchukue atakayeingia ndani kwanza, na sefti, beki wa nyuma kabisa, abaki na atakayenyoosha moja kwa moja. Tulikaa saa mbili. Nilichora kurasa sita.

Miezi miwili baadaye simu iliita. Chuo fulani kilikuwa kinatafuta kocha wa mabeki, na mzee alikuwa amewatajia jina langu. Aliyenipigia alilitamka sawasawa, kwa sababu mzee alimfundisha.

Watu watakwambia ubishe milango, na ni kweli. Dan Lanning, kocha mkuu wa leo wa chuo cha Oregon, alikuwa kocha wa sekondari Missouri alipoendesha gari mpaka Pittsburgh mwaka 2011 kutafuta nafasi. Muongo mmoja baadaye alikuwa mratibu wa ulinzi wa chuo cha Georgia kilichotwaa ubingwa wa taifa. Bisha. Ila ukifunguliwa, uwe na swali ulilolifanyia kazi, uwe na daftari. Mtu anayeomba kazi husahaulika, ndugu yangu. Anayeomba kufundishwa hukumbukwa.

Nikawa kocha wa mabeki, baadaye mratibu. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Daraja la Pili chuo kina nafasi 36 za ufadhili, na unazikata vipande vipande kwa kikosi cha watu mia moja. Tangu mwaka 2021 mchezaji alipopewa ruhusa ya kuhama na kucheza papo hapo, kila Januari unahesabu nani kabaki. Sefti wangu bora, kijana niliyemfundisha tangu hajui kuinama vizuri, alihamia chuo kikubwa. Alinipigia akilia. Nilimwambia aende, na nilimaanisha.

Na uwanja wenyewe haukuhurumii. Kwenye futiboli ya vyuo mistari miwili ya kati, ambayo mpira huwekwa juu yake au katikati yake kuanza mchezo, imeachana futi 40, kwa hiyo mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, upande wa kulia una futi 100 za kulinda. Tena sheria ya vyuo inawaruhusu wachezaji wa mstari wa mbele kusogea mbele mpaka yadi 3 wakati pasi inarushwa. Shika hilo la yadi 3, maana ndilo lililonimaliza.

Mechi tatu za mwisho, wapinzani walitupiga kwa mchezo mmoja. Gadi anakuja mbele kwa nguvu kama mpira unakimbizwa. Lainibeka wangu anamwona gadi, anakuja mbele, kama nilivyomfundisha. Kotabeki, mrushaji wa mpira, anamtazama lainibeka, anaurudisha mpira kifuani, anaurusha mahali pale pale kijana alipotoka. Jaribio la tatu kati ya manne, wanahitaji yadi 6, wanapata 15. Tena. Na tena. Mapumziko ya mechi ya pili, kocha msaidizi mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 23, alinisogelea na kadi aliyoichora kwa mkono. Alitaka lainibeka amwache gadi, abaki na mpokeaji, na sefti ndiye ashuke kuziba njia ya mkimbiaji. Nilimjibu kwa ukali mbele ya wachezaji kwamba tutacheza mchezo wetu.

Alikuwa sahihi. Niliangalia video usiku ule nikajua alikuwa sahihi, na Jumamosi iliyofuata bado sikubadilisha. Ukiniuliza kwa nini, jibu ninalo sasa: gadi ndiye aliyenipa kila kitu. Kumwambia mchezaji wangu asimwangalie gadi kulikuwa kama kumkana yule kocha aliyenivuta pembeni nikiwa mtoto. Lakini yule kocha alinifundisha kuangalia kinachosema kweli. Zama zile gadi alisema kweli. Leo anafundishwa kudanganya.

Kwa hiyo kafara nilikuwa, na kosa nilikuwa nalo. Yote mawili. Nilimpigia yule kijana Jumatatu nikamwomba radhi, na barua ya kumpendekeza kazi nimeshaiandika.

Vijana wetu, nisikilizeni. Mnaona kwenye simu waratibu wa vyuo vikubwa wanalipwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka, mnadhani njia ni kelele pembeni mwa uwanja na maneno makali. Njia ni video saa tano usiku, chumba kitupu, kurudisha nyuma mchezo mmoja mara kumi. Mnataka Jumamosi bila kuitaka Jumanne. Tazameni kocha Bud Foster, alikaa chuo cha Virginia Tech tangu 1987 mpaka msimu wa 2019, miaka mingi kati ya hiyo akiuongoza ulinzi, na nembo ya ulinzi wake ilikuwa sanduku la chuma la chakula, la mtu anayekwenda kazini. Muwe na sanduku lenu. Muwe na daftari.

Na mkioa, mwambieni mwenzenu ukweli kabla ya harusi. Mke wangu amehama nami mara nne kwa miaka minane. Mara mbili alifungua maboksi peke yake kwa sababu mazoezi ya Agosti yalikuwa yameanza. Binti yetu alichora familia shuleni, na mimi alinichora ndani ya simu. Nilipofukuzwa mke wangu hakulia. Aliniuliza kama nitakuwepo Krismasi, nikasema nitakuwepo, na alivyofurahi vilinichoma kuliko maneno ya kocha mkuu. Msingoje kufukuzwa ndipo mkae mezani na watoto wenu. Mpumbavu pekee ndiye anayelinda yadi 10 za nyasi huku nyumba yake iko wazi, na upumbavu huo nimeuishi.

Januari nakwenda tena kwenye mkutano, na safari hii familia yote inakuja. Sina suti ya kuazima tena. Sitasimama ukumbini. Nitakaa mgahawani, na atakayekuja na swali nitamsogezea chumvi na pilipili.

Wewe kijana, usingoje Januari. Chukua video ya mechi yako ya mwisho, uzime sauti. Robo ya kwanza mwangalie gadi wa kushoto peke yake, uandike kwa mkono alifanya nini katika kila mchezo. Kisha rudia robo hiyo hiyo ukimwangalia kotabeki, uweke alama kila mahali gadi alipokudanganya. Piga picha kurasa zote unitumie, hata kama mwandiko ni mbaya. Niko nyumbani, muda ninao, nitazisoma zote.