Kifundo cha Mguu Kikiteguka, Usikimbilie Kukikanda

Mwaka jana, nikishuka kwenye daladala, nilikanyaga vibaya ukingo wa mtaro na unyayo wangu wa kulia ukageukia ndani. Nilisikia kitu kikikatika kama kamba iliyovutwa ghafla, na kabla sijafika nyumbani upande wa nje wa kifundo ulikuwa umevimba ukubwa wa yai. Shangazi yangu, kwa upendo wote alionao, alichemsha maji ya chumvi akanikanda kwa nguvu jioni ile, kisha akarudia alfajiri. Kufikia mchana uvimbe ulikuwa umeteremka hadi vidoleni, na nilipobonyeza ngozi kwa kidole gumba kilibaki kishimo kilichochukua muda kujaa.

Sote wawili tulisema kwamba "mshipa umeruka". Tangu hapo nimelifikiria sana neno hilo, kwa maana katika mazungumzo yetu ya kila siku mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni msuli uliokaza, na pia ni ule uzi mgumu unaouhisi nyuma ya kisigino. Ukiita vitu vinne kwa jina moja, utavitibu vyote kwa namna moja.

Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyenipokea alichukua mfano wa mifupa ya mguu akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Msuli huishia kwenye kano, na kano ndiyo inayoushika mfupa ili msuli ukijikunja mfupa usogee. Ligamenti ni kitu kingine, kwani hufunga mfupa kwa mfupa ili kiungo kisipite mpaka wake. Upande wa nje wa kifundo zipo tatu nyembamba, na ya mbele ndiyo huchanika mara nyingi zaidi. Upande wa ndani umeshikwa na moja pana yenye nguvu. Zaidi ya hayo, jicho la mguu la nje limeshuka chini kuliko la ndani, na ndiyo maana unyayo hugeukia ndani kwa urahisi. "Kaka," aliniambia, "hapa hakuna kilichoruka cha kurudishwa mahali pake. Kuna nyuzi zilizochanika, na ukizikanda unazidi kuzichana."

Ligamenti inapochanika, vijishipa vya damu vilivyo jirani nayo huvuja; maji ya moto huvipanua, na mikono yenye nguvu huongeza jeraha. Kwa hiyo siku mbili au tatu za mwanzo funga bandeji isiyobana mno, weka mguu juu ya mto, na tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila mara.

Kabla ya hayo yote, hakikisha mfupa ni mzima. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa: ukishindwa kutembea hatua nne, au ukisikia maumivu unapobonyeza mfupa wenyewe kwenye ncha ya jicho la mguu au ukingo wake wa nyuma, nenda ukapigwe eksirei. Fanya hivyo pia ikiwa unauma ule mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo.

Kosa langu la pili nililifanya peke yangu. Wiki ya tatu maumivu yalikwisha, nikaacha mazoezi, nikapandisha gunia la mkaa ngazini, na kifundo kikapinda tena palepale. Nilikuwa sijaelewa kwamba kila tishu ina mwendo wake wa kupona, na kwamba mwendo huo hutegemea sana damu inayoifikia. Msuli una damu nyingi, hivyo jeraha dogo la msuli hupona ndani ya wiki chache. Mfupa, ambao wengi wetu tunaudhani kuwa kitu kikavu kama jiwe, ni tishu hai inayojijenga upya. Ligamenti hupata damu kidogo, na nyuzi zake mpya huendelea kujipanga kwa miezi mingi, pengine mwaka mzima. Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu kabisa. Hulishwa na ute wa kiungo, na ikilika ni vigumu kurudi ilivyokuwa. Kifundo kinacholegea na kuteguka kila mara huisaga gegedu hiyo, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko maumivu yenyewe.

Ligamenti pia ina vipokezi vinavyoueleza ubongo mguu umekaaje, navyo huumia pamoja nayo. Zoezi nililopewa ni kusimama kwa mguu mmoja kwa nusu dakika, mkono ukiwa karibu na ukuta, kwanza nikiwa nimefumbua macho, kisha nikiyafumba. Siku ya kwanza mguu wangu wa kulia ulitetemeka na kuniangusha ukutani kabla sijahesabu hadi tano, ilhali wa kushoto ulitulia kimya. Nilirudi kubeba mizigo pale tu miguu yote miwili ilipolingana, na hilo lilichukua miezi minne.