Muulize Mzee wa Bustani: Waridi langu limechipua, nilitoe nje?

*Shikamoo Mzee. Oktoba nilikata vijiti sita vya waridi kwa jirani, nikavichomeka kwenye makopo ya mtindi na kuviweka dirishani, chumba kisicho na hita. Sasa ni Aprili, vinne vina majani na kimoja kina tumba. Mume wangu anataka tuvipande bustanini wikendi hii. Mimi nasita.*
Msomaji, Leicester, Uingereza

Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo asubiri kidogo.

Majani yasikudanganye. Kijiti cha waridi hubeba akiba yake ya chakula, kwa hiyo chaweza kuchipua kabla hakijapata hata mzizi mmoja, kisha jua likikolea kinanyauka. Usikivute kukipima, mizizi michanga hukatika kama tambi. Inua kopo utazame matundu ya chini. Ukiona ncha nyeupe zinachungulia, hicho kimeshika. Kihamishie kwenye chungu cha lita 1 au 2. Pindua kopo, pokea bonge zima la udongo kiganjani, shina usiliguse. Ambacho hakijaonyesha kitu kiache palepale.

Hilo tumba likate leo. Najua linauma. Mwaka wangu wa kwanza Birmingham niliacha moja, maana kwetu Lushoto waridi halikuwa jambo la kubembeleza: unachomeka kijiti uani wakati wa masika, unaendelea na shughuli zako. Likafunguka, dogo kama kifungo cha shati, nikalipiga picha nikawatumia nyumbani. Kufika Julai mmea wenyewe ulikuwa kuni.

Kutoka nje, vizoeshe. Anza na muda wa saa mbili au tatu mchana, kivulini, pasipo upepo, jioni virudi ndani. Ongeza kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14. Hata baada ya hapo sikiliza utabiri wa hali ya hewa kila jioni, kwa sababu huko kwenu sakitu, ile baridi inayogandisha umande, inaweza kuanguka hadi katikati ya Mei, na usiku mmoja tu unatosha kubabua machipukizi yote.

Maji: chomeka kidole hadi pingili ya kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yapenye chini, na yatakayobaki kwenye kisahani yamwage. Mbolea ingoje majani mapya baada ya kuhamisha, tena nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Vidukari vya kijani vitakuja kujipanga kwenye ncha laini. Vifikiche kwa vidole, dawa ya nini?

Ardhini viingie Oktoba, lakini si pale palipong'olewa mwaridi wa zamani, vitadumaa. Mumeo kama mikono inamwasha, achague mahali pengine penye jua, achimbe, achanganye samadi iliyooza vizuri. Mpaka Oktoba udongo utakuwa umetulia.