Mnaoanza atachimenti kortini, jueni kwanza nani anaweka sahihi na nani anashika pesa

Wanafunzi wa sheria wanaokuja kortini kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, wengi wamekariri vifungu vya ushahidi vizuri sana, lakini ukimuuliza mtu jaji anapatikana vipi anakwambia tu rais anateua. Ukibaki na jibu hilo hutaelewa kwa nini kesi ya shamba imesukumwa tena hadi mwaka ujao.

Hapa Kenya, tangu katiba ya 2010, kumtafuta jaji ni kazi ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, hiyo JSC mnayosikia kila siku. Nafasi inatangazwa, watu wanaomba, majina yanawekwa wazi na mwananchi yeyote anaweza kuandikia tume akasema huyu namjua ana shida hii na hii, halafu anahojiwa hadharani. Mahojiano yakirushwa kwenye TV yatazameni, utajifunza mengi kuhusu ujaji kuliko kwa noti zako. Wa Mahakama Kuu lazima awe na uzoefu wa miaka 10, Mahakama ya Juu 15. Wakishachaguliwa ndio majina yanaenda kwa rais, na yeye anateua kulingana na pendekezo la tume. Bunge linaingilia kwa Jaji Mkuu na naibu wake tu. Mahakimu na makadhi hao hawapiti Ikulu kabisa, JSC yenyewe ndio inawaajiri, kwa hivyo usichanganye.

Sasa someni kisa cha wale majaji 41, naomba sana mkisome. JSC ilipendekeza majina 41 mwaka 2019, na 20 kati yao walikuwa wa korti ya mazingira na ardhi, yaani palepale wananchi wanapoumia zaidi. Rais Uhuru Kenyatta akakaa nayo. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema kukataa huko ni kuvunja katiba, na bado hakuteua, ikafika Juni 2021 ndio akateua 34 akawaacha 6, wakiwemo George Odunga na Joel Ngugi, na mmoja alikuwa ameshafariki bila kuapishwa. Wale 6 waliteuliwa Septemba 2022 Rais Ruto alipoingia. Miaka mitatu hiyo yote kuna mama mahali alikuwa anaambiwa hakuna jaji rudi siku nyingine, na hiyo bado inaniuma.

Upande wa pesa ndio watu hawauangalii. Mishahara ya majaji inalindwa na katiba, inatoka moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali na haiwezi kupunguzwa ili kumuadhibu mtu. Lakini mafuta ya gari, karatasi, intaneti ya kufailia kesi, nauli ya hakimu kwenda korti ya kuhamahama kule mbali, hizo zote ni bajeti. Msajili Mkuu wa Mahakama ndiye anayeandaa makadirio ya bajeti anayapeleka Bunge la Taifa, na kifungu cha 173 cha katiba kinasema yakipita pesa ziingie moja kwa moja kwenye Mfuko wa Mahakama. Kwa maandishi iko sawa, lakini ilichukua miaka mingi mfuko huo kuanza kufanya kazi. Mwaka 2019 bajeti ilipokatwa Jaji Mkuu wa wakati huo David Maraga alitoka hadharani kulalamika, na korti za kuhamahama zilikuwa kati ya vitu alivyosema vinakwama. Kwa hivyo mtu anaweza kuitesa mahakama bila kumgusa jaji hata mmoja.

Na wateja watawaambia ati korti inatoza faini kubwa ndio ijilipe. Waelezeni kwa upole kwamba faini na ada zinaenda serikalini, kituo cha korti hakibaki nazo, na dhamana ya pesa taslimu ni amana tu, mtu akimaliza kesi bila kutoroka anarudishiwa, ashike risiti yake vizuri.

Wiki ya kwanza usikimbilie chemba za jaji. Kaa rejista, pale mafaili ya kesi yanapowekwa, na makarani, uliza kesi ngapi zinangoja na mahakimu ni wangapi, uliza ni lini mara ya mwisho kituo kilipata pesa za matumizi, halafu linganisha na ripoti ya kila mwaka ya hali ya mahakama.