Je, nguruwe wangu waachwe wagaagae matopeni?

Swali: Daktari, mimi ni mfugaji wa Rongai, Kaunti ya Nakuru, na nina nguruwe weupe wanane katika banda lenye sakafu ya simiti. Kila ifikapo saa saba mchana humwaga maji ya kunywa, kisha hulala juu ya maji hayo yaliyochanganyika na mikojo. Kijana anayenisaidia anataka tuwachimbie dimbwi la matope kwa sababu amewaona ngiri na vifaru wa Mbuga ya Ziwa Nakuru wakigaagaa, ilhali jirani yangu anashikilia kwamba tope ndilo linaloleta homa ya nguruwe. Nimsikilize nani? Tena mama yangu, anayeishi Kisumu na kusumbuliwa na magoti, amesikia kwamba ng'ambo watu hulipia kuoga tope, na sasa anataka kupakwa la ufuoni mwa ziwa. Je, lina faida?

Jibu: Ndugu mfugaji, wachimbie dimbwi, lakini liwe ndani ya ua wako na lisitumiwe na mnyama yeyote asiye wako.

Nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho. Tezi zake za jasho hazimsaidii vya kutosha kupunguza joto, na chini ya ngozi yake kuna tabaka la mafuta linalolizuia joto kutoka. Nguruwe mkubwa huwa ametulia kwenye nyuzijoto 16 hadi 22 hivi, kiwango ambacho alasiri za Januari na Februari hapa Nakuru hukipita kwa urahisi, sembuse Kisumu. Kwa hiyo hao wako hawamwagi maji kwa utundu. Wanajitengenezea dimbwi kwa njia pekee waliyoachiwa. Nguruwe mwenye nafasi huchagua pembe moja ya kujisaidia na kulala mbali nayo, hivyo ukimwona amelala kwenye mikojo, lawama ni ya banda.

Maji matupu yangewasaidia pia, ila kwa muda mfupi. Majaribio ya D. L. Ingram yaliyochapishwa mwaka 1965 yalionyesha kwamba ngozi ya nguruwe iliyoloweshwa kwa maji huendelea kupoa kwa takriban robo saa tu, wakati iliyopakwa tope hupoa kwa karibu saa mbili, kwa kuwa tope huachilia unyevu wake polepole. Kwa nguruwe weupe kama wako, tope lililoshika mgongoni na masikioni huzuia pia kuungua kwa jua. Hata hivyo joto si sababu pekee: Marc Bracke wa Uholanzi, katika mapitio yake ya mwaka 2011 kuhusu tabia hii, alieleza kwamba huenda nguruwe anahitaji kugaagaa kwenyewe, si kupoa tu. Nami naafikiana naye, maana wafugaji wengi wamewaona nguruwe wao wakiingia topeni hata asubuhi yenye baridi.

Kijana wako ameangalia vizuri. Kifaru akishatoka topeni huliacha likauke, kisha hujisugua kwenye kisiki au mwamba, nalo hubanduka vipande vipande pamoja na kupe walionaswa ndani yake. Visiki vinavyotumiwa mara kwa mara huwa laini na kung'aa upande mmoja. Vifaru wa Sumatra wanaofugwa bila tope hupasuka ngozi na kuugua macho. Ngozi ya tembo wa Afrika ina nyufa ndogo ndogo ambazo, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2018, huhifadhi maji mara 5 hadi 10 kuliko ngozi laini. Nyati naye hugaagaa, na kuku wako wanapooga vumbi wanatafuta jambo linalokaribiana na hilo, yaani kuondoa wadudu. Kiboko ndiye aliye tofauti kidogo, kwani ngozi yake hutoa ute mwekundu unaoikinga dhidi ya jua.

Jirani yako naye hajakosea kabisa. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo R. E. Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na nguruwe wa hapa hapa Kenya, husababishwa na virusi, na tope peke yake haliwezi kuvizalisha. Huletwa na nguruwe wagonjwa, mabaki ya nyama ya nguruwe, viatu na magari yaliyotoka kwenye maambukizi, pamoja na kupe laini wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri, ambaye hubeba virusi hivyo bila kuugua. Haina tiba. Basi hatari iko kwenye dimbwi la kando ya kijito ambamo nguruwe wa kijiji kizima hukutana, na nadhani ndilo alilo nalo akilini. Dimbwi la namna hiyo hueneza pia bakteria waitwao leptospira wanaotoka kwenye mikojo, pamoja na mayai ya minyoo, ambayo hudumu udongoni kwa miaka. Wala usilitegemee tope kutibu upele. Huo unahitaji dawa kama ivamekitini, na siku za kungoja kabla ya kuchinja ziheshimiwe.

Chimba mahali palipoinuka na penye kivuli, mbali na kisima, kina kiishie magotini mwa nguruwe mkubwa, na upande mmoja uwe mteremko ili asiteleze. Tumia udongo wa shambani na maji safi. Likianza kunuka, litoe lote uweke jipya. Wakati wa masika lifunge, na watoto wachanga wa nguruwe wasifike huko, kwani wao huhitaji joto la nyuzi zaidi ya 30. Ukimkuta nguruwe akihema zaidi ya mara 40 kwa dakika hali amelala kivulini, mnyunyizie maji kidogo kidogo, usimmwagie ndoo ya maji baridi kwa mkupuo.

Kuhusu mama, magoti ya binadamu si taaluma yangu, hivyo aanzie kwa daktari wake. Ninachoweza kusema ni kwamba tope la Abano nchini Italia au la Techirghiol nchini Romania hutayarishwa na kupashwa moto, na joto hilo hulegeza maumivu kwa muda, bila kurudisha kilicholika ndani ya goti. Tope la ufuoni Kisumu halijatayarishwa na yeyote. Anayesimama kwenye maji ya kina kifupi ya Ziwa Victoria anaweza kuambukizwa kichocho, na udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi hupitisha minyoo ya safura kwenye ngozi ya miguu. Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya moto yasiyounguza, kikawekwa gotini kwa dakika 15 hivi, kitampa joto lile lile bila yeye kutoka nyumbani.